"Leo wote VIP": nilichopata kwa elfu hamsini kwenye lile tamasha

Nimekaa wiki nzima nasubiri hasira zipoe ndo niandike, maana ningeandika usiku uleule ningetukana mtu. Zimepoa kidogo. Promota simtaji na msanii mkubwa aliyefunga shoo simtaji, walioenda wanajua, ambao hawakwenda wachukue tu kwamba kuna mtu anawasimulia alinunua nini na akapewa nini. Kwa haraka haraka: sauti nyota tano, msosi nyota tatu na nusu, vyoo nyota mbili (vyoo vya matamasha ya Dar vinataka posti yao peke yake), usalama nyota moja, na hiyo moja nimempa dogo mmoja aliyeimba saa mbili usiku watu hata hawajajaa. Nitamfikia.

Tiketi zilikuwa za aina tatu. Nyuma elfu 15, mbele ya steji elfu 50, halafu meza za wakubwa kule pembeni juu ambazo bei sikuuliza kwa sababu najijua. Nikachukua mbili za 50, yangu na ya mdogo wangu wa kike, ana miaka 19, kamaliza form six na nilikuwa nimemuahidi tangu yuko shule. Nimelipa kwa simu, meseji ya tiketi ikaingia hapohapo, getini wanaskani wanakufunga utepe mkononi unapita. Hapo sina lawama. Ila geti lilikuwa moja, la kuingilia hilohilo na la kutokea hilohilo, njia yenyewe ina upana wa magari mawili kwa kubanana, na mi nimepita pale nacheka napiga selfi. Ukishafungwa utepe akili yote iko stejini bwana, nani anahesabu mageti.

Msosi: mishkaki mizuri, chipsi kavu za moto, kuku kagoma kidogo. Maji chupa ndogo elfu mbili, wizi, lakini huo tushauzoea.

Sasa msanii mkubwa alitangazwa saa nne. Kapanda saa saba kasoro. Masaa karibu matatu watu wamesimama, wanaongezeka, hawatoki, anayeenda chooni anajua akirudi nafasi hana kwa hiyo haendi. Nyomi la kufa mtu. Kati yetu sisi wa 50 na wale wa 15 kulikuwa na uzio wa vyuma, vile vyepesi vya kuunganisha, na mabaunsa kama sita wamejipanga. Jamaa kapanda, moto umewaka, wimbo wa pili anaukata katikati, anaangalia kule nyuma, anashika maiki: "Nyie wa kule nyuma mmekaa mbali mnafanya nini? Nani kawaweka huko? Njooni huku! Leo hakuna VIP, leo wote VIP!"

Niwe mkweli, hata mi nilishangilia. Ni maneno matamu, yanakufanya umuone mtu wa watu, mtoto wa mtaani hajasahau alikotoka. Uzio ulikaa labda sekunde kumi. Mabaunsa wenyewe wakakaa pembeni, sasa wafanyeje, bosi kasema kwa spika.

Kwa kama dakika mbili ilikuwa raha. Halafu ikaanza kuwa kitu kingine ambacho sikuwa nimewahi kukijua. Unasukumwa kutoka nyuma, unadhani ni watu wanacheza, unarudishwa, unasukumwa tena, mara unagundua miguu yako haikanyagi chini vizuri, unaenda tu na wimbi, mikono yako imebaki pale ilipokuwa wakati unabanwa, yangu ilikuwa kifuani nimeshika pochi, na haitoki. Kuigeuza shingo sawa, kuinua mkono hapana. Mdogo wangu ni mfupi, ananifika begani, uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye mgongo wa mtu. Akaniambia "dada sipumui". Hakupiga kelele, aliongea kawaida kabisa, na hiyo ndo ilinitisha, maana huyu mtoto akikanyagwa kidole tu mtaa mzima unajua.

Tukaanza kupiga kelele. Na hapa ndo nimekuja kuelewa kitu nikiwa nyumbani: ukiwa stejini mtu anayelia kuomba msaada na mtu anayelia kwa sababu wimbo wake umepigwa ni kitu kimoja, mdomo wazi, mikono juu, makelele. Waliokuwa na mikono huru wakawasha tochi za simu wakawa wanazipungia stejini, wanaashiria pale walipoangukia wasichana wawili mbele yetu kushoto. Unajua jamaa alifanya nini? Akaona tochi, akafurahi, akasema "washeni tochi wote, nataka kuona nyota Dar es Salaam!" Uwanja mzima ukawaka. Ilipendeza, vidio zipo, mmezilaiki.

Aliyetutoa ni kaka mmoja mrefu kavaa jezi ya Yanga, simjui jina. Alimkamata mdogo wangu chini ya makwapa akamnyanyua juu ya vichwa, watu wakampokezana mikono kwa mikono mpaka kwenye uzio wa mbele, baunsa akamvuta upande wa pili. (Mi Simba damu, ila tangu siku hiyo nimepunguza maneno.) Mimi nikatoka dakika kumi baadaye pembeni, na kabla ya hapo nilimfikia baunsa nikamwambia watu wanakufa pale katikati mwambieni asimamishe, akanijibu "sista kaza, ndo shoo hiyo". Hema la huduma ya kwanza lina kitanda kimoja na nesi mmoja, nesi mpole sana Mungu ambariki, anatoa glukosi kwa watu kumi na moja niliowahesabu. Hakufa mtu. Ndo maana hamkusikia popote.

Sasa kuna neno huwa linanikera na nadhani linatudanganya. Kila likitokea janga kama hili magazeti yanaandika "wafariki kwa kukanyagana". Kukanyagana. Yaani wao kwa wao, hawana ustaarabu, wamekanyagana. Mi sijamkanyaga mtu na sijakanyagwa, nimebanwa. Wengi wanaokufa kwenye nyomi wanakufa wamesimama, kifua kimebanwa pande zote mbavu hazina pa kufungukia, hewa ipo ila huwezi kuivuta. Wanaosomea haya mambo wanasema watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado mtu anajimudu, wakifika sita au saba mkusanyiko unaanza kutembea kama maji, msukumo unatoka nyuma unapiga mbele na hakuna mtu mmoja anayeweza kuuzuia hata awe na ustaarabu wa padri. Aliyeko nyuma anayesukuma haoni kitu, anajua tu kwamba kaitwa. Nani kamwita?

Mimi nimekulia Tabora. Oktoba 1, 2008, Idd, kulikuwa na disko toto ukumbini, watoto wakajazwa kuliko nafasi, wakafa wapatao 20. Nilikuwa shule ya msingi, umri wao hasa. Tangu mwaka ule mama alifuta neno disko toto nyumbani kwetu, na mpaka leo nikimwambia naenda shoo ananiuliza "mlango uko wapi?" kabla hajauliza naenda na nani. Na usiku huo nilipita kwenye mlango mmoja nacheka. Sijamwambia.

Baada ya kile kimbembe nilirudi nyumbani nikakosa usingizi nikawa nasoma. Kampala, usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, jengo la maduka la Freedom City, barabara ya Entebbe. Kwa maelezo ya polisi wa Uganda, MC ndo aliwahimiza watu watoke nje kuangalia fataki, fataki zikaisha wote wakataka kurudi ndani kwenye njia nyembamba, wakafa wasiopungua 9, watoto wamo. MC hakusukuma mtu. Alitoa tangazo la furaha tu kwa maiki. Kinshasa, Oktoba 29, 2022, Stade des Martyrs, shoo ya Fally Ipupa, uwanja wa watu 80,000 ukafurika, watu wakavamia mpaka sehemu za VIP, wakafa 11 na wawili kati yao ni polisi. Polisi, jamani. Watu waliokuja kutulinda sisi na wao wamebanwa.

Ila iliyonikalisha kitandani ni Houston, Marekani. Novemba 5, 2021, tamasha la Astroworld, NRG Park, watu kama 50,000. Rapa Travis Scott kapanda saa 3 na dakika 6 usiku. Saa 3 na dakika 38 wazima moto wa mji walishatangaza kwamba hili ni tukio la majeruhi wengi. Shoo ikaenda mpaka saa 4 na dakika kumi ikapita. Hesabu mwenyewe hapo katikati, dakika thelathini na kitu watu wanatolewa hawapumui na spika zinapiga. Wakafa 10, mkubwa wao ana miaka 27 na mdogo ana miaka 9. Travis mwenyewe alisimama mara kadhaa, kuna mahali alimuona mtu kazimia akaita walinzi, kuna mahali aliona gari la wagonjwa limo katikati ya watu akalitaja kabisa kwa maiki, akaendelea. Alisema hakujua hali ni mbaya kiasi kile. Juni 2023 jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe au la likasema hakuna wa kushtakiwa jinai, kesi za madai za familia zikaja kumalizwa kwa makubaliano.

Na mi kusema ukweli naweza kuamini hakujua. Ninachoshindwa kumeza ni viwili. Kwanza, huko nyuma 2015, tamasha la Lollapalooza, Chicago, aliwahimiza mashabiki waruke uzio na akakiri kosa mahakamani, halafu 2017 kule Arkansas yakatokea mengine ya kufanana na hayo akakiri tena. Yaani ile ile "njooni huku, leo wote VIP", kwa Kiingereza. Ukishawafundisha watu wako miaka na miaka kwamba uzio ni adui, siku uzio unawalinda hawawezi kujua. Pili, mpango wa tamasha lile ulikuwa na kurasa 56, hauna neno kuhusu watu kusukumana kuelekea mbele, na waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha shoo wameandikwa wawili, prodyusa mkuu na mkurugenzi wa tamasha. Mtu pekee ambaye watu 50,000 wanamsikiliza hayumo.

Najua mtakachoniambia maana nishaambiwa kwenye komenti. "Dada, kazi ya msanii ni kuimba, usalama ni wa promota na polisi." Nakubali nusu. Promota ndo kauza tiketi, ndo kaweka geti moja na hema la kitanda kimoja, kwangu mimi yeye ndo wa kwanza kwenye foleni ya lawama na sitaki mtu amtoe kwenye hiyo foleni. Lakini huyo msanii akisema rukeni, wanaruka. Akisema mkono wa kulia juu, mikono elfu kumi ya kulia iko juu, hata ya watu walioshika bia. Baunsa anaweza kupasua koo pale chini asisikike na mtu wa mita mbili, mimi nimemfokea mmoja sikioni na hakunisikia vizuri. Kwa hiyo uwezo wa kurudisha watu nyuma pale uwanjani ulikuwa wa mtu mmoja, na alilipwa fedha nyingi kuliko sisi wote, na alikuwa na kile kidude cha sikioni ambacho fundi sauti akitaka kumwambia kitu anamwambia. Hakuna aliyemwambia? Basi swali linarudi kwake vilevile: kabla hujapanda, ulimuuliza nani atakuambia?

Maana kuna upande mwingine wa hii habari na lazima niuseme nisije nikaonekana namtaka msanii awe malaika. Tamasha la Roskilde, Denmark, Juni 30, 2000, bendi ya Pearl Jam iko stejini. Wale walisimamisha shoo wenyewe, wakawaomba watu warudi nyuma kwa upole kabisa, mashabiki wakarudi. Wakafa 9. Taarifa ilichelewa kufika stejini, kufika kwake watu walishaanguka chini mbele ya steji. Hata Cincinnati, Marekani, Desemba 3, 1979, wakati bendi ya The Who inapiga muziki ndani, watu 11 walishakufa milangoni nje na bendi ikaja kuambiwa baada ya shoo. Kwa hiyo kuwa na moyo mzuri peke yake hakusaidii, inabidi pawe na mtu amekaa pembeni ya steji kazi yake ni kuangalia watu tu, hana simu mkononi harekodi vidio, na msanii anajua akipewa ishara fulani anakata. Hilo ni jambo la kuliandika kwenye mkataba, kule wanakoandika soda gani iwepo kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Haya, yule dogo.

Saa mbili na kitu, watu labda elfu mbili, giza limeshaingia, anaitwa msanii chipukizi mmoja ambaye jina lake nililijua siku hiyo. Nyimbo zake za kawaida tu, sitadanganya, moja nzuri. Katikati ya hiyo nzuri kuna msichana mbele kaishiwa nguvu, joto au hajala, kaenda chini. Dogo kaona. Hakusema "oya msaidieni" halafu akaendelea. Alimgeukia DJ akapitisha mkono shingoni, kata. Muziki ukafa kabisa, hata biti haikubaki. Akasema taa za uwanja ziwashwe. Zikachelewa, akasema tena. Akawaambia watu taratibu, kama mwalimu wa chekechea: "Wote hatua moja nyuma. Nyingine. Nyingine tena. Wa kule mwisho anzeni nyie, wa mbele hawawezi kurudi kama nyie hamjarudi." Hilo la mwisho nalirudia kila siku kichwani. Mtoto wa miaka ishirini na ngapi sijui nani kamfundisha, labda na yeye alishawahi kubanwa mahali. Akaomba maji ya stejini yashushwe, akasubiri mpaka msichana kainuka na kashika njia, akauliza "mko sawa?" akawaonyesha kidole cha gumba, wakamrudishia, ndo akamwambia DJ endelea.

Ilichukua kama dakika nne. Alikuwa kapewa dakika ishirini. Wimbo uliofuata hakuumaliza, MC kapanda akamshika bega anacheka akasema muda umeisha, mpigieni makofi. Hakuna aliyerekodi. Mi mwenyewe nilikuwa kwenye foleni ya mishkaki naangalia kwa mbali nikasema moyoni, huyu naye anajichelewesha.

Niliwaandikia waandaaji siku iliyofuata. Niliandika kwa adabu, nikaeleza uzio, geti, baunsa, hema, nikaambatanisha picha ya michubuko ya mdogo wangu mbavuni. Siku ya tatu wakajibu: pole sana mpendwa, lilikuwa tamasha la kihistoria, tunathamini maoni yako, na namba hii hapa itakupa punguzo la asilimia 10 kwa tamasha la mwakani. Nikawauliza kama mwakani uzio utakuwepo. Wameona ujumbe, tiki mbili za bluu, mpaka leo.

Kwa hiyo wa kwenda mwakani, sauti ni nzuri kweli, spika zile sijasikia kwingine. Vaa viatu vya kufunga kamba, mdogo wangu karudi na kimoja. Usisimame katikati mbele, simama pembeni karibu na uwazi. Ukibanwa weka mikono kifuani kama bondia upate nafasi ya kuvuta hewa, usipige kelele mfululizo pumzi itakuisha, na msukumo ukirudi nyuma ndo utembee pembeni na usibishane nao. Sijui kwa nini nalipa elfu hamsini kupata elimu ya kuokoka.

Mdogo wangu alikaa siku nne hataki hata kusikia redio. Juzi kaniletea simu, dogo yule ana shoo kwenye ukumbi mdogo, kiingilio elfu kumi, anataka kwenda. Nikapiga pale ukumbini kuuliza milango iko mingapi. Dada aliyepokea akacheka kwanza, halafu akasema subiri, nikasikia viatu vyake vinaenda kuhesabu.